Nilifika Saa Saba na Nusu, Saa za Kinshasa

Papa,

Jana ndugu zako walikaa kwetu Nyawera, hapa Bukavu, kuzungumzia nyumba yako. Bado nina hasira, usishangae mwandiko.

Matanga yameisha. Niliwaambia neno uliloniachia kule hospitali Kinshasa, kwamba nyumba ibaki kwa Maman. Unajua kwetu neno la mwisho la mzee lina uzito gani. Baba mkubwa, kaka yako, akaniuliza kwa upole nilifika kwako saa ngapi. Nikajibu: saa nane na nusu. Mjinga mimi! Nilitaja saa ya mkononi mwangu, ambayo kwa machozi sikukumbuka kuibadilisha niliposhuka ndege. Akachomoa karatasi ya daktari.

"Muzee alikufa saa nane. Weye ulifika saa nane na nusu. Maiti iko inasema?"

Watu wakaguna. Maman akainamisha kichwa.

Papa, mimi mtoto wa muuza tiketi za ndege nishindwe na saa? Miaka yote uliwaeleza abiria: kutoka hapa hadi Kinshasa ni kilomita kama elfu moja na mia tano, masaa matatu angani, kwenda ni hayo, kurudi ni hayo. Ila saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Wangapi walikuelewa? Unakumbuka yule mama wa Luberizi? "Kurudi inakawia sababu ndege inapanda mulima!" Ulicheka mpaka ukashika meza.

Basi nikasimama, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wale, nikauliza nani amewahi kupanda ndege. Wote wakatikisa vichwa. Nikaleta ratiba yako ya ofisini, nikampa baba mkubwa asome mwenyewe kwa sauti. Kutoka Bukavu saa tatu, kufika Kinshasa saa tano. Kutoka Kinshasa saa tatu, kufika Bukavu saa saba.

"Njia ni moja, Baba mukubwa. Juu ya nini kwenda ni masaa mawili, kurudi ni mane?"

Nikamjibia mimi: ratiba huandika saa za kila mji. Saa nane na nusu yangu ilikuwa ya Bukavu. Kinshasa ilikuwa saa saba na nusu, na karatasi ya daktari ni ya Kinshasa. Nilikukuta hai. Nusu saa nzima nilikushika mkono.

Wazee wawili wakaafiki. Kaka yako akakataa, eti mambo ya ndege hayahusu ukoo, na Jumamosi atakuja na kufuli. Aje! Atatukuta tumeketi mlangoni, Maman na mimi, na hatutainuka.

Pumzika, Papa. Nakuahidi Maman atazeekea ndani ya nyumba hii. Waniite mwongo kanisani, waniite mwongo sokoni. Mimi nilikuwepo. Uliniita kwa jina langu, ukaniuliza kama nimekula.

Binti yako