Bidoni ya Pili

Mabanga, Goma, 12 Juni 2023

Mpendwa Mjomba Cyprien,

Pokea salamu kutoka kwa dada yako Séraphine, mama yangu. Tunatumaini baridi ya Lubumbashi haikusumbui kifua, na kwamba mguu wako umepona. Sisi tunapumua. Mama amekonda, lakini kila asubuhi hututangulia jikoni, kwa sababu gerezani asiyepelekewa chakula na jamaa zake hali kitu.

Naomba barua hii uisome kwa sauti Jumapili, jamaa wote wa huko wakiwapo, maana ndio waliousifu ushauri wako.

Unakumbuka jinsi yule mtamba, Gaju, alivyopotea malishoni karibu na ziwa la Lac Vert. Wachungaji walikuwa wawili: Moïse, mdogo wangu, na Benny, mpwa wa mke wa Mjomba Nsanzimana. Nsanzimana, mdogo wako na mwenye ng'ombe, akawashtaki wote wawili. Wewe ukampigia Mama simu, ukamwambia abebe bidoni ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akampoze kaka yake hasira, kama ilivyo desturi yetu mali ya mtu inapopotea mikononi mwa mwanao. Akaenda. Nsanzimana akanywa, akashukuru, kisha akaieleza mahakama habari ya bidoni hiyo.

Jaji alimwuliza Mama: « Kama mutoto hakuiba, ulikuwa unaomba radhi ya nini? »

Moïse akapewa miaka saba. Benny, aliyesinzia kando yake mchana ule ule, akaachiliwa: mama yake ni mlokole, hagusi pombe, kwa hiyo hakuwa amepeleka chochote kwa mtu yeyote. Hiyo ndiyo mizani tuliyopimiwa.

Habari inayofuata itakufurahisha. Gaju amepatikana katika kundi la jirani, mzima wa afya, na amezaa.

Nsanzimana naye siku hizi ni mjumbe wa kamati ya parokia ya kuboresha magereza. Wamelipaka lango rangi ya buluu na wanahutubu vizuri sana juu ya utu wa mfungwa. Jumamosi walileta maziwa. Nilikuwapo na sufuria yangu. Nsanzimana alimjazia Moïse kikombe kwa mkono wake mwenyewe.

— Kunywa, mutoto wangu. Ni ya Gaju.

— Alizaa nini, mujomba?

— Jike.

— Hongera. Umuchunge asipotee, huku nafasi imekwisha.

Wafungwa walicheka, hata mlinzi alicheka. Moïse alikunywa kikombe chote, kwa kuwa alikuwa na njaa.

Nilimfuata Nsanzimana hadi nje. Avoka wetu, anayemtetea Moïse, anasema hukumu inaweza kupitiwa upya, mradi mwenye ng'ombe aandike kwamba amempata. Alinijibu kwa upole kwamba hukumu ni ya serikali, na kwamba mambo ya familia hayazungumzwi barabarani. Mama aje nyumbani kwake kwa heshima, na bidoni yake.

Mama hataki kuigusa. Tangu siku ya hukumu hata maji anachota kwa ndoo.

Kwa hiyo kasiksi nimeinunua mimi, na inakungoja wewe. Njoo uibebe mwenyewe, Mjomba, uvuke nayo mtaa watu wakikutazama, na mdogo wako akikuuliza unaomba radhi ya nini, umjibu.

Wasalimie Shangazi Julie, Gradi na Élisée. Mungu akujalie uzee mrefu, na jamaa wa kukuletea chakula.

Mpwa wako ambaye, pamoja na hayo yote, bado anakupenda,

Patricia