Riwaya Niliyoishia Kwenye Stoo ya Magodoro

Uko wapi? Acha unachofanya, nisome.

Ile riwaya ya shule ya bweni niliyokwambia inanichekesha, nimeitupa mkono. Siigusi tena.

Nimefika mahali wasichana wawili wanamfungia mwenzao kwenye stoo ya magodoro. Mmoja ana ufunguo, mwingine anacheka. Yule wa ufunguo anasema, "Ukimaliza kulia tutakufungulia."

Hayo ni maneno yangu! Neno kwa neno! Siku ile tulikuwa watatu tu: mimi, wewe na Kimya, yule tuliyemfungia. Hata matroni hakujua. Na kicheko kilikuwa chako, usinikatalie.

Nikamrudishia dada wa mapokezi hapa kliniki, maana ndiye aliyeniletea. Akashangaa. "Mbona unaishia katikati? Hujafika wanapokutana ukubwani!"

Nikamuuliza kitabu alikitoa wapi.

"Si changu. Kuna mama huleta mtoto chanjo hapa. Alisema nimpe nesi wa chanjo, nisimwambie kimetoka kwa nani mpaka amalize."

Nesi wa chanjo ni mimi!! Mwanawe nimemdunga mara tatu, mama yake nikimtazama usoni, nisimtambue hata kidogo.

Sasa sikiliza. Nimetoka kumwita anayefuata kwenye foleni, akainuka mama huyo na mtoto wake. Safari hii nikamtambua: ni Kimya. Akaniuliza kwa upole, "Umefika wapi?"

Nimemwambia anisubiri kidogo. Nimejifungia chooni nakuandikia.

Ameniuliza pia kama mimi na wewe bado tunaongea.