Njia Anayoijua Kidoa

Baba Watoto,

Dereva ananipigia honi, lakini lazima ujue kwamba mwanao mdogo kaota jino na ameshaniuma.

Asubuhi hii Kidoa, njiwa uliyeondoka naye kwenda vitani, alitua kwenye banda letu. Bawa lilikuwa na damu, na mguuni alikuwa amefungwa kikaratasi cha jeshi. Nikakikimbiza kambini.

"Njiwa gani huyu asiyejua kambi?" ofisa akafoka.

"Alilelewa kwangu, afande. Njiwa hurudi alikolelewa."

Aliposoma akapoa. Akasema mmezingirwa, na magari yanakuja kuwatoa sasa hivi. Sikulia mbele yake.

Barua hii anakuletea dereva wa gari mojawapo, maana Kidoa njia anayoijua ni ya kurudi nyumbani tu. Nawe ishike hiyohiyo.

Mimi mkeo. Banda nimeliacha wazi.