Siku Babu Yangu Alipocheza Hockley

Mjukuu wangu Nanjala,

Toronto baridi haijakumaliza? Sisi hapa Kingstanding tu wazima. Mamako yuko shifti, na mdogo wako siku hizi anakula ugali bila kubembelezwa.

Umeuliza kama si aibu Mluhya kucheza ngoma ya Wayoruba kwenye harusi ya rafiki yako. Sikiza. Nikiwa nesi kijana hapa Birmingham, mwenzangu Bisi, Myoruba, alinialika ukumbini Hockley, mtoto wake akipewa jina. Mpiga ngoma, ile ya kubanwa kwapani inayopanda na kushuka kama sauti ya mtu, aliniuliza jina langu, la baba na la babu. Kisha akayapiga. Mimi nikasimama nikipiga makofi, eti ni maonyesho!

Bisi akanisukuma. “Wazee wako wanaitwa! Hapa hawana miguu ila yako.”

Kucheza kwao sikukujua. Nikatikisa mabega tu, kama kwenye ngoma ya isukuti ya kwetu. Mpigaji akacheka, akaacha mdundo wake, akafuata mabega yangu. Ukumbi mzima ukalipuka vigelegele!

Basi ukiulizwa majina, mama, yataje vizuri. Babu yangu hakuwahi hata kuvuka mto Nzoia, lakini siku ile alicheza Hockley.

Bibi yako, Kukhu, mabega bado yapo.