Maneno ya Ziada Katika Wimbo wa Mzee Lu

Mzee Lu,

Shikamoo yako ya leo naiandika, kwa kuwa duka lako la vitambaa hapa Johannesburg limefungwa tangu tulipokuzika Jumamosi. Cherehani yangu bado iko kibarazani kwako. Binti yako Mei amesema nisiiondoe.

Nataka kukueleza habari za wimbo wako. Uliuimba huku unakata kitambaa, nikauliza maana yake. Ukanijibu kwa Kiswahili chako cha Mbeya, kile ulichojifunza ujanani kwenye ujenzi wa reli: ni wimbo wa mchezo wa jukwaani wa kale wa Kichina, mwanamke anamsindikiza mumewe mtoni. Tukaanza kuufasiri, wewe ukisema, mimi nikiandika. Nami mtoto wa Tanga, niliyelelewa na mashairi, nikakuletea mizani nane kwa nane:

Mwezi umelala maji,
nao moyo wafuata.

Nilijisifu. Wewe ukavua miwani. "Mwanangu, mizani imekaa sawa. Sasa mwanamke mwenyewe yuko wapi?"

Kumbe mtunzi wenu alichomeka maneno madogo ya sokoni katikati ya yale ya kisomi, nje kabisa ya mizani, na mwimbaji huyapitisha mbio mbio bila kuuvunja wimbo. Mimi nilikuwa nimeyafagia yote. Tukayarudisha:

Mwezi, jamani, umelala maji,
na huu moyo wangu mjinga nao wafuata, hata viatu haujavaa.

Mei aliponiomba niusome mazishini, niliogopa. Nitasemaje "mjinga" na "viatu" mbele ya jeneza, mbele ya wazee wa kwenu waliovaa suti? Nikauandika upya ule wimbo kwenye karatasi, safi, nane kwa nane. Nisamehe.

Niliposimama nikasoma mstari wa kwanza. Watu walikuwa wametulia kwa adabu, kama wanaosikiliza tangazo. Nikamwona Mei ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, namzika mzee kama mtu nisiyemjua. Nikaikunja karatasi, nikauanza wimbo upya kwa kichwa, na jamani yake, na ujinga wake, na viatu vyake.

Mama Furaha wa saluni akacheka kwa sauti, palepale kaburini. "Eish! Ule mwanamke ni wa kwetu kabisa!" Kisha akalia, na sisi sote tukalia naye. Mzee, hebu ona. Mwanamke aliyetungwa karne nyingi zilizopita, katika nchi nisiyowahi kuiona, amesimama katikati yetu Johannesburg, na mama huyu wa Bukavu anamfahamu kama jirani. Niliona haya kwamba nilitaka kumzuia mlangoni.

Mei amenikabidhi daftari lako. Zimebaki nyimbo tatu, na maelezo yako pembeni kwa Kiswahili. Nitazifasiri. Nikikwama kwenye neno, nitaacha nafasi wazi, sitalipamba.

Lala salama, baba.

Zuhura, fundi wako wa kibarazani