Alama mbili za biro

Bev, uko? Usicheke maandishi.

Unamjua Gakii tunayekaa naye chumba kimoja, anayesomea udaktari. Jumapili akisoma alinichora alama mbili na biro. Moja kifuani chini tu ya bega, ile ya kitabu cha zamani. Ingine kwa mbavu chini ya kwapa. Akasema utafiti mpya umeona hapo kwapa ndipo sindano ya kutoa hewa iliyonaswa kifuani inafika vizuri.

Leo Kahiga wa boda ameletwa hapa kliniki ninapofanya usafi na Gakii anajifunza kazi, ameanguka, hewa imejaa kifuani inafinya pafu. Daktari hayuko, ambulensi iko njiani. Ni Gakii tu, na mimi na mopu yangu.

Ule mkono wake na sindano, Bev. Unaenda bega, unarudi kwapa, unaenda bega.

Mama yake Kahiga, aliyekuja naye, anamwambia Gakii, "Dunga basi, mwanangu."

Gakii akanigeukia mimi. "Ntinyari, ni wapi?"

Mimi. Mtu wa darasa la nane.

Nilikuwa najua, Bev. Nikanyamaza.

Yule wa ambulensi alidunga kwapa mara moja, hewa ikatoka kama gurudumu imetobolewa. Akauliza, "Mmekaa naye hivi dakika ngapi?"

Wameenda naye hajafungua macho. Nimejifungia chooni, nimeinua blauzi. Biro bado haijatoka.