Mikono ya Profesa Quill

Rochdale, 6 Februari 1994

Dada Enid,

Za siku nyingi? Goti linaendeleaje na baridi ya huko Whitby? Sisi hatujambo. Wifi yako Hilary anakusalimu, na binti yetu Rosalind anasema zile soksi ulizomfumia anazigombania na mumewe.

Nimempata Josiah wetu. Tangu nianze zamu za jioni posta, asubuhi naenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya jiji. Kumbe barua za meneja wa ukumbi wa Empress zimehifadhiwa, masanduku sita, na humo ndani yumo Josiah, baba yake babu Wilfred, kwa jina lake la jukwaani: Profesa Orlando Quill, bingwa wa mazingaombwe. Mwaka 1889 alikuwa akimtoa njiwa kwenye kofia ya meya. Mwaka 1892 meneja analalamika, nanukuu: "Quill ameangusha kadi tena. Anaapa hajaonja pombe. Mabega yanamruka kama mtu anayetekenywa, na watu wa viti vya mbele wanamzomea."

Mlevi, basi. Hilary anasema damu haipotei, maana wiki hii nimevunja kikombe cha tatu, tena cha mama yake.

Hivi babu Wilfred alikufa kwa nini? Mama hakuwahi kusema.

Mdogo wako,
Desmond

*

Whitby, 13 Februari 1994

Mdogo wangu Des,

Nashukuru kwa barua. Goti ni lile lile. Dukani wateja ni wachache, mpaka majira ya joto ndipo watu wakumbuke kuwa wanataka uzi.

Babu alikufa kwa mapafu. Hayo mengine yaache. Mtu aliyezomewa mara moja hana haja ya kuzomewa tena baada ya miaka mia. Tafuta kazi nyingine ya asubuhi. Lile banda la kuku lako linavuja tangu mwaka juzi.

Vikombe hivyo, vilikuwa na sabuni?

Dada yako,
Enid

*

Rochdale, 2 Machi 1994

Dada,

Shikamoo yangu ije na habari njema kwanza: Rosalind ana mimba. Ya miezi miwili. Unakuwa bibi kabla hujawahi kuwa mama, na mimi nakuwa babu nikiwa bado na meno yangu.

Kuhusu Josiah, sikukusikiliza. Unanijua. Hakuwa mlevi hata kidogo. Nimeona sinia lake, liko kwenye mkusanyo wa vifaa vya mazingaombwe kule Leeds. Mwaka 1893 aliacha kadi akaanza mchezo mpya: anatoka kavaa kama mhudumu wa hoteli aliyelewa, sinia mkononi, sahani zinayumba, zinacheza, wanawake wanapiga mayowe, na hakuna inayoanguka. Chini ya sinia kuna vishikizo vya kuzibana sahani zisianguke. Watu walimpenda kwa huo kuliko njiwa wote. Miaka mitatu, dada, alificha kitu mbele ya macho ya watu mia nane kila siku.

Alikuwa anaficha nini? Katika sanduku la tano kuna barua ya mkewe kwa meneja: "Mikono yake inaondoka bila yeye. Nikimlaza, miguu inaendelea kucheza. Usimwambie mtu." Nimeisoma mara nyingi.

Na mbona uliuliza habari ya vikombe?

Desmond

*

Rochdale, 10 Aprili 1994

Enid,

Umekaa wiki tano bila kujibu. Nikipiga simu, inaita tu. Yule mama wa duka la samaki ameniambia uko mzima na unafungua duka kama kawaida. Basi ni mimi unayenikwepa.

Nimeomba jalada la babu Wilfred. Si mapafu. Alikaa miaka kumi na moja katika hospitali ya wagonjwa wa akili, na Josiah alifia humo humo mwaka 1897. Daktari wa babu ameandika: ugonjwa wa Huntington, wa kurithi, mwili hucheza wenyewe, akili hufuata. Karani aliyenipa karatasi aliniuliza polepole, "Una watoto, bwana?" Nikamwambia ninaye mmoja. Hakuniangalia tena usoni.

Nimeendesha gari mpaka nyumbani nikiitazama mikono yangu kwenye usukani kama ya mtu mwingine. Niambie unachokijua.

Desmond

*

Whitby, 14 Aprili 1994

Des, mdogo wangu,

Sina uso wa kukuuliza hali.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alinipeleka kumwona babu kwa sababu wewe ulikuwa na surua kwa shangazi na hakuwa na mtu wa kuniacha naye. Walikuwa wamemfunga kwenye kiti kwa shuka ili asianguke. Kichwa, vidole, ulimi, vyote vilikuwa safarini. Alijaribu kusema jina langu. Nilikimbilia ukutani, nikajikojolea.

Njiani kurudi mama akasema, "Baba yenu mgodi ulimchukua akiwa na miaka thelathini na minne, kwa hiyo hatujui kama alikuwa nao ugonjwa huu. Ukimwambia Desmond, utamwua kabla ya siku zake." Nikaapa. Nilipofika miaka ishirini na miwili Leonard aliniposa. Nilimwambia simpendi. Alilia pale getini, na mimi nikaingia ndani kumenya viazi. Sikutaka kuzaa mtu wa kufungwa kwa shuka.

Wewe ulioa ukicheka, na sikuweza kufungua mdomo. Rosalind alipozaliwa nilihesabu vidole vyake kwa hofu. Kila Krismasi naangalia unavyokata nyama. Mwaka jana kisu kilikuruka.

Siku hizi kuna kipimo cha damu. Kila mtoto wa mgonjwa ni nusu kwa nusu, kama kurusha sarafu. Ukienda, nami nitakwenda.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini niandikie.

Dada yako

*

Rochdale, 29 Aprili 1994

Enid,

Nimemwambia Rosalind. Ulipaswa kuniona nikimwambia, ujue ulichonibakizia. Aliniuliza, "Shangazi alijua siku ya harusi yangu? Alikuwa amekaa pale anakula keki akijua?"

Tutapimwa. Hospitali wanataka tuonane na mshauri mara tatu kwanza. Usiniandikie mpaka nikuandikie.

D.

*

Rochdale, 19 Agosti 1994

Dada,

Natumai goti halikusumbui.

Ninao. Daktari alisema taratibu, Hilary akanishika kiwiko, nami nikauliza maegesho yanafungwa saa ngapi. Ndivyo nilivyosema. Nyumbani nilikaa bandani na kuku mpaka chai ikapoa mara mbili.

Rosalind hataki kupimwa mpaka ajifungue. Usiku halali, mchana anafua nguo za mtoto zilizokwisha fuliwa.

Hasira zangu zimeisha. Naogopa tu, na hakuna mwingine anayejua alivyokuwa babu. Damu yako imesemaje?

Mdogo wako,
Desmond

*

Whitby, 11 Septemba 1994

Mdogo wangu Desmond,

Wiki tatu nimeandika na kuchana. Nilipata majibu siku moja na wewe.

Sina.

Nimeishi miaka arobaini na moja nikiuogopa ugonjwa usio wangu, na wewe uliyeishi ukicheka ndiwe uliye nao. Nilitoka pale nikasimama kituo cha basi, nikaona aibu kuwa miguu yangu imetulia. Leonard ana wajukuu wanne. Nilimwona Julai, ananunua mkate.

Uliniuliza babu alikuwaje. Nitakueleza yote, hata mabaya, uso kwa uso. Ila lipo moja nililomficha mama pia: nilipokuwa ukutani, babu alikuwa akicheka. Alikuwa bado anajua kuwa mimi ni mtoto, na kwamba nimeogopa, na alitaka nisiogope.

Nimemwandikia Rosalind kurasa tisa. Hajanijibu, na hana deni la kunijibu. Duka nimelikabidhi kwa binti wa muuza samaki. Nimepanga chumba mtaa wa pili kutoka kwenu, nyuma ya kanisa la Wamethodisti, tangu mwezi ujao mpaka utakapochoka nami.

Treni yangu inafika Jumamosi ya tarehe mosi, saa tisa na dakika kumi alasiri. Njoo unipokee, lakini gari aendeshe Hilary.

Dada yako,
Enid